Sindano ya kila wiki, fedha ya mara moja kwa mwaka

Ukiingia duka la dawa Kitangari, au Newala mjini, au Masasi, mkoani Mtwara, ukaomba "dawa ya hamu ya kula", muuzaji hakuulizi mara mbili. Anajua una mtoto anayekataa uji, au una mgonjwa aliyetoka kwenye malaria na chakula hakimpiti kooni. Anainama, anatoa chupa. Hata binti anayetaka kunawiri kabla ya harusi huenda kaunta hiyohiyo akapewa siproheptadini, dawa ya mzio ambayo watu waligundua kwamba inaleta njaa, na muuzaji asiye na huruma humwongezea deksamethasoni ili mashavu yajae upesi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya udaktari, hamu ya kula ilikuwa kitu cha kutafutwa, si cha kufukuzwa.

Siku hizi swali limegeuka. Linakuja kwa sauti ya chini, mwisho wa maongezi, mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango: "Dokta, ile sindano ya kupunguza mwili, kweli inafanya kazi?" Amesikia kwa shemeji yake Dar es Salaam, au kwa ndugu aliye Muscat. Mara nyingine hata kuuliza haulizi, maana kalamu yenyewe iko njiani ndani ya basi, imefungwa kwenye khanga pamoja na zawadi za wajukuu.

Jibu fupi ni kwamba inafanya kazi. Ninalisema waziwazi kwa sababu wenzangu wengi hudhani njia ya kumlinda mgonjwa ni kumwambia dawa ni uongo, na mgonjwa akishaona jirani yake amepungua kilo kumi na mbili, hatamwamini tena daktari huyo kwa lolote. Sindano hii si uongo. Ugumu wake uko mahali pengine, na kwa watu wa uwanda wa Makonde uko mahali pa peke yake kabisa.

Kwanza tujue inafanya nini. Chakula kinapofika kwenye utumbo, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliambia kongosho litoe insulini, huliambia tumbo lisiharakishe kumwaga chakula, na huuambia ubongo kwamba inatosha. Kasoro yake ni kwamba inaishi mwilini kama dakika mbili tu, kisha inavunjwa. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, John Eng, alitangaza kwamba ndani ya sumu ya mjusi mmoja wa jangwani huko kwao kuna kitu kinachofanana na homoni hiyo lakini kinachodumu zaidi. Kutoka kwa mjusi huyo ikapatikana eksenataidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa kisukari. Baadaye maabara zikatengeneza semaglutaidi, ambayo hukaa mwilini karibu wiki nzima. Kwa jina la Ozempic iliidhinishwa mwaka 2017 kwa kisukari aina ya pili. Kwa jina la Wegovy, mwaka 2021, kwa kupunguza uzito. Tirzepataidi, inayoiga homoni mbili kwa mpigo, ikafuata.

Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 wenye uzito uliopitiliza na wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutaidi walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, na ambao nao walishauriwa kuhusu chakula na mazoezi, walipungua asilimia 2.4. Tuweke hesabu hiyo kwenye mizani ya zahanati: mama asiye na kisukari, mwenye urefu wa mita 1.58 na kilo 84, angeshuka hadi kilo 71 na kidogo. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine wa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa ulionyesha kwamba dawa hiyohiyo ilipunguza kwa asilimia 20 mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vikihesabiwa pamoja. Ukitaka kujua kwa nini madaktari waliisimamia kidete, si kwa sababu ya kiuno. Ni kwa sababu ya namba hiyo ya pili.

Sasa turudi Kitangari, maana huko ndiko hoja yangu iliko.

Mtu mgeni akisikia tunazungumzia dawa ya kuzuia njaa Newala anaweza kucheka, na ana haki. Huu ni uwanda ambao bibi zetu walichimba ming'oko porini mvua ilipokataa. Leo ming'oko inauzwa ikiwa imechemshwa, watu wanamenya na kula wakipiga soga stendi, lakini wazee wanaijua kama mizizi iliyowavusha. Juu ya uwanda hakukuwa na maji. Udongo wake wa mchanga huyanywa yote. Wanawake walishuka makorongo alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza enzi za mkoloni katika miaka ya 1950, ulipovuta maji kutoka Mitema, katika bonde hilihili la Kitangari, na kuyasukuma hadi juu, uliwapunguzia wanawake mzigo ambao hakuna anayetaka urudi. Kisha ikaja bodaboda, na kule shambani ambako mtu alitembea saa moja na nusu akaanza kupelekwa kwa dakika kumi na tano. Zikaja na soda, mafuta ya kula ya madumu, chapati za asubuhi, sukari vijiko vinne kwenye kikombe kimoja. Hakuna aliyekosea. Watu walipata nafuu ya maisha, na miili iliyofunzwa na njaa kuhifadhi kila kitu ikaendelea kuhifadhi.

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya upimaji wa kisukari katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu tisa katika kila mia wana sukari iliyozidi. Umri na njia za upimaji havikuwa sawasawa, kwa hiyo tusizigonganishe namba hizi kama mizani ya dukani, lakini mwelekeo wake hauhitaji miwani. Na katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 hadi 2016, asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, wakati huohuo asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mama mnene na mtoto aliyedumaa wanaweza kula sahani moja katika nyumba moja. Ugali wa muhogo unajaza wote wawili. Haumjengi hata mmoja, kama hakuna kunde, dagaa au mbaazi pembeni.

Basi mgonjwa wa kumfikiria si msichana wa Instagramu. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, ana presha ya miaka sita, ana kisukari aina ya pili, magoti yanauma, anapumua kwa shida akipanda kilima. Kama naye ana kilo zile 84 kwa urefu ule, zinampa uwiano wa uzito na urefu wa karibu 34, ule ambao kliniki tunauandika BMI. Kwa vigezo vya kimataifa dawa hizi ni kwa watu wa 30 na zaidi, au 27 na zaidi ikiwa tayari kuna ugonjwa unaoletwa na uzito. Mama huyu anafaa. Hata ningekuwa mkali wa namna gani, nisingeweza kumwambia kwamba anataka anasa.

Na akija, kinachoitwa usimamizi wa daktari kinaanza kabla sindano haijafunguliwa. Ninaanza na dawa anazotumia tayari, maana katika mikoa yetu nusu ya majibu huwa humo. Yuko kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito. Anatumia ARV, yaani dawa za VVU? Tangu mwaka 2019 Tanzania inatumia mchanganyiko wenye dolutegraviri, dawa nzuri mno, lakini utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka huohuo ulionyesha watumiaji wake wakiongezeka uzito, wanawake zaidi ya wanaume. Hilo halimaanishi aache. Asiache hata siku moja. Linamaanisha tujue tunapambana na nini. Kisha ninamwomba aniletee krimu anazopaka. Watu hushangaa. Krimu kali za kujichubua zina steroidi, na steroidi ikipenya kwenye ngozi kwa miezi humjaza mtu uso na tumbo huku mikono na miguu ikinyauka, na humpandishia sukari na presha. Ile deksamethasoni ya bibi harusi hufanya vivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo hahitaji sindano ya Ulaya. Anahitaji kuachishwa steroidi taratibu, kwa usimamizi, kwa sababu akiikata ghafla anaweza kuanguka.

Baada ya hapo maswali yanakuwa ya kawaida, ila si ya kurukwa. Je, ni mjamzito, au anatarajia kushika mimba karibuni? Semaglutaidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla. Kuna mtu wa ukoo aliyepata saratani ya tezi ya shingo ya aina adimu iitwayo medula? Kama yupo, dawa hii si yake. Amewahi kulazwa kwa kongosho kuvimba? Na hapa kwetu ninauliza bila aibu: mabibo yakiiva, uraka anakunywa kiasi gani? Pombe nyingi peke yake huumiza kongosho, na sipendi kumwongezea mtu huyo dawa ambayo nayo, mara chache, imehusishwa na kongosho kuvimba. Halafu vipimo: sukari kabla ya kula, figo, presha, mzunguko wa kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, macho kwa mwenye kisukari. Kama anatumia glibenklamidi au insulini, dozi zake lazima ziangaliwe upya siku ileile, la sivyo sukari itashuka mno usiku na familia itaamka asubuhi ikidhani amelogwa.

Dozi huanza chini kabisa, miligramu 0.25 kwa wiki, na hupandishwa kila baada ya wiki nne hadi kufika 2.4 kwa ajili ya uzito. Mwendo huu wa konokono una sababu. Ukirukia dozi kubwa, unatapika. Kichefuchefu, kuharisha na kufunga choo ndiyo malalamiko ya kila siku. Mawe ya kifuko cha nyongo huja kwa baadhi ya wanaopungua haraka. Mtu anayetapika siku mbili mfululizo katika kijiji ambako ndoo ya maji inanunuliwa anaweza kuharibu figo kabla hajafika Newala. Kwa waumini wanaofunga Ramadhani, mashauriano yafanyike mapema kabla ya mwandamo, si siku ya kumi na tano mtu akishapata kizunguzungu.

Jambo ninalolikazia kuliko yote, na ambalo wauzaji wa mitandaoni hawaligusi, ni nyama ya mwili. Kilo zinazoondoka si mafuta matupu. Sehemu yake, wakati mwingine robo na wakati mwingine zaidi ya theluthi, ni misuli na sehemu nyingine za mwili zisizo mafuta. Mhasibu wa Dar es Salaam anaweza asilitambue hilo kwa mwaka mzima. Mama anayepalilia mikorosho na kubeba magunia atalitambua palizi ya kwanza. Ndiyo maana ninamwambia abadilishe mpangilio wa sahani: kunde, choroko, mayai au samaki ndivyo viliwe mwanzo, ugali uje baadaye na utakapomshinda uishie hapo. Dawa itakuwa imelifanya tumbo lake dogo. Asilijaze muhogo.

Hayo yote, msomaji, yanawezekana. Hospitali ya Ndanda iliyojengwa na Wabenediktini, Mkomaindo pale Masasi, hospitali ya Newala, hata kituo cha afya chenye tabibu makini, vinaweza kuyafanya mengi kati ya hayo. Kinachonikosesha usingizi ni kalenda.

Sindano hii ni ya kila wiki, na si ya wiki hamsini na mbili tu. Watu wa ule utafiti wa mwaka 2021 walipoacha dawa na kufuatiliwa mwaka mmoja zaidi, walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Presha nayo ikarudi kule ilikotoka. Si kwamba walikuwa walafi. Kiribatumbo ni ugonjwa sugu, na dawa ya ugonjwa sugu hufanya kazi ukiwa unaitumia, kama dawa ya presha. Ukikatisha kwa wiki kadhaa huwezi hata kurukia dozi uliyoachia. Inakupasa uanze tena chini, na kichefuchefu chake upya.

Sasa fedha ya Kitangari inakuja lini? Mwalimu wa Chuo cha Ualimu Kitangari analipwa kila mwezi na anaweza kupanga. Mkulima wa korosho hawezi. Anapeleka gunia kwenye chama cha msingi, linakwenda ghalani, stakabadhi inaandikwa, mnada wa chama kikuu cha ushirika, TANECU, unapigwa kuanzia Oktoba, na kati ya hapo na Januari au Februari anapata karibu kipato chake chote cha mwaka. Msimu wa mwaka 2018 wanunuzi waligoma bei, Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta jeshi kubeba korosho. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000. Kati ya misimu hiyo miwili iko mingine ambayo watu hawapendi hata kuikumbuka. Katika miezi ya mnada Newala yote hubadilika: mabati mapya, pikipiki mpya, sherehe. Naiona waziwazi siku ambayo kalamu za sindano zitaingia kwenye orodha hiyo ya Novemba. Atakayeanza Novemba atafika dozi ya maana Machi. Machi fedha imeisha. Kufikia Juni uzito unarudi, na kwa kuwa misuli iliyoondoka hairudi kwa urahisi kama mafuta, anaweza kumaliza mwaka akiwa na kilo zake zilezile lakini na mwili dhaifu kuliko alivyouanza. Amelipia afya, akanunua hasara.

Bei nayo haifichiki. Wegovy ilipotoka Marekani ilitajwa kwa dola zaidi ya 1,300 kwa mwezi. Lakini watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2024 walikadiria kwamba semaglutaidi ya mwezi mmoja inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5. Tofauti hiyo siyo sayansi, ni hataza. Mwaka 2026 ndio ambao hataza za semaglutaidi zinafikia ukomo katika nchi kama India, China na Brazil, na nchi maskini zaidi duniani, Tanzania ikiwemo, zinaruhusiwa kutolinda hataza za dawa hadi mwaka 2033. Kwa hiyo bei itashuka. Nimeiona filamu hii. ARV za mwaka mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000, kisha Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350, na mwaka 2004 Tanzania ikaanza kuzitoa bure.

Nikitaja ARV nimegusa kidonda, na sikukigusa kwa bahati mbaya. Katika kizazi changu, mtu akikonda Kitangari hakuna anayempongeza. Kumwambia mtu "umenenepa" bado ni salamu ya heri, ina maana mnakula vizuri na hamgombani nyumbani. Mtu akipungua kilo kumi na mbili kwa miezi minane, jirani hataulizia mazoezi. Atakumbuka miaka ya tisini, watu walivyoisha mmoja mmoja, na maneno yatatembea kutoka kisimani hadi msibani. Nimemsikia mama mzee akimwangalia binti yake aliyepungua kwa juhudi halali kabisa na kumuuliza, "Mwanangu, unanificha nini?" Kwa hiyo ushauri wangu wa kliniki unajumuisha swali ambalo halimo kwenye vitabu vya waliotengeneza dawa hii: nyumbani umemwambia nani? Mume ajue, mama ajue. Siri itakayomlinda kwa wiki mbili itamtafuna kwa mwaka.

Lakini ARV zimetuachia pia kitu cha thamani ambacho hatukitumii inavyopasa. Kliniki ya CTC, inakotolewa ARV hizo, ndiyo shule iliyotufundisha kuishi na dawa ya maisha yote. Mgonjwa ana kadi, ana tarehe ya kurudi, anapimwa uzito kila anapokuja, asipokuja mhudumu wa jamii anamfuata hadi nyumbani, na dawa haitegemei bei ya korosho. Ilijengwa vijijini, si Dar es Salaam peke yake. Halafu ukivuka ua ukaingia kliniki ya sukari na presha, mara nyingi unakuta daftari lililochanika, mizani inayosoma inavyotaka, na mgonjwa aliyeambiwa akanunue metformini nje. Novemba 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Kipimo changu cha mpango huo ni rahisi: je, mwenye presha wa Kitangari anafuatwa nyumbani asipofika tarehe yake? Siku atakapofuatwa, tutakuwa na mahali pa kuiweka sindano hii. Kabla ya hapo tutakuwa na biashara tu.

Shirika la Afya Duniani limejongea polepole na ninadhani kwa haki. Septemba 2025 liliweka semaglutaidi, tirzepataidi na ndugu zake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya pili walio pia na kiribatumbo na ugonjwa wa moyo au figo. Desemba mwaka huohuo likatoa mwongozo wa matumizi ya muda mrefu kwa watu wazima wenye kiribatumbo, isipokuwa wajawazito, yakiambatana na ushauri wa karibu wa chakula na mazoezi ya mwili, na likakiri kwamba kufikia 2030 dawa hizi zinakadiriwa kuwafikia chini ya mmoja katika kila kumi wanaozihitaji. Orodha ile ya Septemba ndiyo foleni ninayoitetea. Kama siku moja chupa mia zitafika mkoani Mtwara kwa fedha za umma, wa kwanza awe mwenye kisukari aliyepata kiharusi au mwenye figo zinazochoka, hata kama si mnene wa kutisha. Wa mwisho awe anayetaka kuvaa gauni la mwaka jana. Muhimbili Mloganzila wanaweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupunguza uzito, na ni hatua njema kwa nchi. Lakini puto la Mloganzila haliwezi kuwa sera ya Newala.

Watu watauliza kama dawa hizi hazitakuja kugeuka sumu, kama zile za zamani. Wana sababu. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kuharibu milango ya moyo. Sibutramini ikafuata mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mishtuko ya moyo na viharusi, na mpaka leo huibuka ndani ya "chai za asili za kupunguza tumbo". Ningemhofia zaidi anayekunywa chai hiyo kuliko anayechoma semaglutaidi halisi kwa usimamizi. Zile za zamani zilitolewa kwa sababu zilipopimwa zikaonekana zinaumiza moyo. Hii imepimwa, ikaonekana inaulinda. Tutaendelea kuitazama.

Kuhusu kalamu iliyo ndani ya basi, nitasema bila kuzungusha. Kabla ya kufunguliwa, dawa hii hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ozempic ikishaanza kutumika huvumilia hadi siku 56 mahali pasipozidi nyuzi 30, na ndani ya basi la kusini mwezi wa Novemba nyuzi 30 ni za asubuhi tu. Kuizungushia barafu moja kwa moja ni kosa kubwa kuliko joto: ikiganda imekufa, hata kama ikiyeyuka itaonekana safi kama maji. Na si kila kalamu ni kalamu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Miezi kadhaa kabla ya hapo, nchini Austria, watu walilazwa baada ya kuchoma kalamu bandia, na mamlaka za huko zilishuku kwamba ndani mlikuwa na insulini. Hayo yalitokea kwenye nchi zenye ukaguzi wa kila kona. Duka la dawa muhimu la kijijini haliruhusiwi kuuza sindano hii, kwa hiyo ukiiona kwenye rafu hiyo, au kwenye mkoba wa mtu anayepita nyumba kwa nyumba, usiinunue, na toa taarifa kwa mamlaka ya dawa, TMDA.

Kama umesoma hadi hapa na bado unaitaka, na unastahili, fanya hesabu hii kabla ya mnada wa kwanza: gharama ya mwezi mmoja zidisha kwa kumi na mbili, ongeza nauli ya kliniki kila mwezi, kisha linganisha na fedha ya kilo ulizouza msimu mbaya kuliko yote unaoukumbuka, si msimu wa 2024. Isipotosha, usianze. Badala yake njoo kliniki tukupime presha na sukari, na uanze zile dawa za bei nafuu ambazo tayari zipo. Njoo na krimu zako zote kwenye mfuko mmoja.